Bwawa la Nyerere kwa watu wa Kusini: nenda na hela ya ufuta, si ya korosho

Huku Lindi na Mtwara safari kubwa hupangwa hela ya korosho inapoingia. Minada inafunguliwa Oktoba, malipo yanaanza kuonekana kwenye akaunti, na ikifika Novemba au Desemba familia, vicoba na walimu wanatafuta magari ya kukodi. Kwa anayetaka kuona Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme kwenye Mto Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hiyo ndiyo miezi mibaya. Maji huwa yameshuka au yanakaribia mwisho wa kushuka kwake, joto halivumiliki, na mvua za kwanza zinaanza kulainisha udongo wa njiani. Inayopatana na bwawa ni hela ya ufuta. Hiyo huingia karibu na Juni na Julai, maji yakiwa bado juu na barabara ikiwa imekauka.

Anayeelewa kwa nini iko hivyo atapanga safari yake vizuri kuliko anayefuata picha za mtandaoni, kwa hiyo tuanze na maji yenyewe.

Usilipime bwawa kwa mvua ya kwetu. Mvua ikimwagika Nachingwea, Ruangwa au Newala haiongezi hata ndoo moja kule. Mito yetu ya Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi inakwenda yenyewe hadi baharini, bila kukutana na Rufiji popote. Rufiji inalishwa na mito mitatu mikubwa. Kilombero, unaokusanya maji ya Udzungwa, Mahenge na nyanda za Njombe, unaleta zaidi ya nusu ya maji yote. Luwegu unatoka upande wa Ruvuma na kukatiza pori hadi unapokutana na Kilombero, na kuanzia hapo ndipo mto unaitwa Rufiji. Ruaha Mkuu unaingia mwisho, si mbali na ukuta wa bwawa, na maji yake yanafika yakiwa yameshafanya kazi mara mbili: yamezungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, kisha ya Kidatu, megawati 204.

Nyanda hizo za juu zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mafuriko ya mto hufika kileleni Machi na Aprili. Maji yanachukua muda kushuka kutoka mabonde ya Kilombero, kwa sababu tambarare ile ni pana na inayashikilia kabla ya kuyaachia. Ndiyo maana bwawa huendelea kujaa hata siku ambazo Ifakara jua limeshaanza kuwaka, na ndiyo maana Juni ni mwezi mzuri. Baada ya hapo mto unapungua mwezi hadi mwezi, mitambo inaendelea kunywa, na kima kinashuka polepole hadi mvua mpya zifike.

Kinashuka kiasi gani? Kima cha juu cha bwawa ni mita 184 juu ya usawa wa bahari. Kima cha chini ambacho mitambo inaruhusiwa kufanya kazi ni mita 163. Kati ya hivyo viwili kuna mita 21, sawa na jengo la ghorofa saba. Bwawa halishuki mita zote 21 kila mwaka, lakini hata mita chache zinabadilisha kabisa unachokiona. Penye ukingo wenye mteremko mkali utaona mstari wa mwamba mtupu, mweupe, usio na jani. Penye tambarare hali ni mbaya zaidi: kama ardhi inashuka mita moja kwa kila mita mia, kima kikipungua mita tatu tu maji yanarudi nyuma mita mia tatu, na yanakuachia tope lililokauka juu na laini chini. Hapo ndipo magari yanazama. Gamba la juu linaonekana gumu, dereva anajiamini, tairi za mbele zinapita, za nyuma zinadidimia hadi kwenye ekseli. Ukiona ardhi iliyopasukapasuka karibu na maji, simamisha gari mbali na utembee kama umeruhusiwa kushuka. Ndani ya hifadhi kushuka kwenye gari ni pale tu askari anaposema.

Kwa hiyo Juni hadi Agosti ndiyo muda bora. Septemba na Oktoba ni nzuri kwa wanyama, maana wanasogea kwenye maji, ila mandhari ya bwawa lenyewe yameshaanza kuchakaa. Machi hadi Mei ungeona milango ya kutolea maji ya ziada ikifunguliwa, jambo ambalo kwa macho halina mfano, lakini miezi hiyo barabara za hifadhi hazipitiki kwa sehemu kubwa na kambi nyingi za upande wa lango la Mtemere hufungwa.

Sasa ukuta

Wengi wanakwenda kwa ajili ya ukuta tu, wanapiga picha tatu, wanauliza choo kiko wapi, basi. Ni hasara ya nauli. Ukuta wa bwawa unahitaji kusomwa, na ukijua cha kutazama saa mbili hazitoshi.

Uko kwenye korongo lililokuwa likiitwa la Stiegler, Mjerumani anayesimuliwa kuuawa na tembo hapo mwaka 1907. Wazo la kuziba korongo hilo ni la zamani, na serikali ya awamu ya kwanza iliunda mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, RUBADA, mwaka 1975. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 kati ya shirika la umeme, TANESCO, na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, na maji yakaanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza kuwashwa, Februari 2024, ulikuwa namba 9. Watu hushangaa kwa nini kuhesabu kumeanzia mwisho. Namba zinafuata mahali mtambo ulipo kwenye jengo, hazifuati zamu ya kuwashwa.

Ukuta una kimo cha mita 131 na juu una urefu wa zaidi ya kilomita moja. Umejengwa kwa zege la kushindilia: zege kavu kiasi, lililomwagwa na malori, likasambazwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa kwa roli zilezile za kutengenezea barabara. Ukisimama upande wa chini utaona mistari ya mlalo imepita ukuta mzima. Hayo ni maungio ya tabaka. Si nyufa, ingawa kila kundi la wageni lina mmoja wa kusema "huu ukuta umepasuka".

Utaona pia sehemu zenye unyevunyevu. Hakuna ukuta wa zege wa ukubwa huo usiovuja kabisa. Ndani yake kuna njia za kupita watu, na humo maji yanayopenya yanakusanywa na kupimwa. Mhandisi haogopi maji kupenya, anaogopa kiasi kubadilika ghafla bila kima cha bwawa kubadilika, au maji yaliyokuwa safi kuanza kutoka na matope. Ukipata bahati ya kuongozwa na mhandisi wa zamu, muulize kuhusu vipimo hivyo. Atakupa maelezo ya maana kuliko ukimuuliza bwawa limegharimu shilingi ngapi, jambo ambalo kila mtu analijua: trilioni sita na nusu hivi.

Kitu kingine kinachopitwa bila kutazamwa ni kuta ndogo za pembeni. Korongo ukiliziba, maji yanapanda na kutafuta mabonde mengine ya chini kuzunguka ziwa. Kila bonde la namna hiyo lazima lizibwe kwa tuta lake, la sivyo maji yanapita kando na ukuta mkubwa unabaki mapambo. Mgeni akiyaona matuta hayo hudhani ni barabara.

Maji ya kuzungusha mitambo hayapiti juu ya ukuta. Yanaingia kwenye mahandaki matatu yaliyochimbwa mwambani, na kila handaki linagawanyika kulisha mitambo mitatu. Mitambo ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Hapa kuna hesabu ndogo inayofaa kuwa nayo kichwani kabla ya kuingia kwenye jengo la mitambo. Nguvu inategemea vitu viwili: maji kiasi gani yanapita kwa sekunde, na yanaanguka kutoka kimo gani. Kwa kimo cha mita 100 na ufanisi wa asilimia 90, mtambo mmoja wa megawati 235 unameza takriban mita za ujazo 266 kila sekunde. Mitambo yote tisa ingemeza karibu 2,400. Wastani wa maji yanayoletwa na Rufiji kwa mwaka ni kama mita za ujazo 800 hadi 900 kwa sekunde.

Kwa maneno mengine, mto wenyewe bila ghala la maji ungetosha mitambo mitatu na kidogo. Ndiyo kazi ya ziwa hilo kubwa nyuma ya ukuta, zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 likijaa: kuweka maji ya Machi yatumike Septemba, na kuwezesha mitambo mingi kuwashwa jioni watu wanapopika na kuwasha taa, kisha mingine kuzimwa usiku wa manane. Ukikuta mitambo minne imelala, haijaharibika. Imewekwa hivyo. Hata lawama za "megawati 2,115 zimekwenda wapi" zinatokana na kutojua hesabu hii.

Umeme wenyewe unatoka pale kwa nyaya za kilovoti 400 kwenda Chalinze. Mtu wa Kusini akisimama chini ya nguzo hizo anaruhusiwa kucheka kidogo: kwa miaka mingi Lindi na Mtwara tumekuwa nje ya gridi ya taifa, tukiwashiwa na gesi ya Mnazi Bay, na nyaya zinazotoka jirani yetu zinakwenda kaskazini.

Njia ya kutoka kwetu

Ramani inadanganya. Ukiitazama, Liwale inaonekana haiko mbali na ziwa, na mtu anaweza kufikiri atakatiza tu. Usijaribu. Katikati kuna Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hakuna barabara ya umma, kuna mito isiyo na madaraja, na ukikutwa humo bila kibali utaeleza ukiwa kituoni.

Njia ni ile ya Dar. Kutoka Mtwara hadi Kibiti ni takriban kilomita 420, kutoka Lindi kama 320, zote lami. Unapita Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, Nyamwage, unavuka Daraja la Mkapa, Ikwiriri, kisha Kibiti. Kipande cha kuangalia ni Somanga na jirani zake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara hiyo na magari ya Kusini yakakwama pande zote mbili. Mvua zikiwa kubwa Kilwa, piga simu kwa madereva wa mabasi ya asubuhi kabla ya kuondoka. Wao wanajua kabla ya redio.

Kibiti unaacha lami na kushika magharibi kwenda kijiji cha Mloka, kama kilomita 110 hadi lango la Mtemere. Kiangazi gari dogo lenye dereva mpole linafika Mloka, ila barabara ikiota rasta, yale mawimbi madogo ya udongo, linafika likiwa limelegea kila nati. Kutoka Mtemere kwenda ndani unahitaji gari la kuvuta tairi zote nne. Kosta isahau.

Mafuta ndiyo yanayowaangusha wengi. Jaza Kibiti hadi juu, na upige hesabu ya kilomita 400 hadi 450 kabla ya kurudi kwenye lami, maana kuna kwenda, kurudi, na kuzunguka ndani ya hifadhi. Land Cruiser inayokula lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami itakula 17 au 18 kwenye mchanga na gia ndogo. Kilomita 450 kwa kiwango hicho ni kama lita 80. Tangi la lita 90 linaonekana linatosha, mpaka ukwame saa moja injini ikinguruma. Beba madumu mawili ya lita 20, yafungwe nje au juu, yasikae na abiria.

Tairi za akiba ziwe mbili, miiba ya migunga haina huruma. Beba pampu ya upepo inayotumia betri ya gari. Kwenye mchanga mzito punguza upepo hadi kama pauni 25, kisha urudishe kabla ya kushika barabara ngumu. Watu hupunguza vizuri, wanasahau kurudisha, na kuta za tairi zinapasuka kabla ya kufika kijiji cha Mkongo. Koleo, kamba ya kuvutia, na mbao mbili za kuweka chini ya tairi visikosekane. Jeki bila ubao wa kukalia haina kazi kwenye mchanga, inazama yenyewe na kuliacha gari pale lilipo.

Asiye na gari anaweza kushuka Kibiti kutoka basi la Mtwara au Lindi na kusubiri basi linalotoka Mbagala kwenda Mloka. Mloka kuna nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida na watu wa kukodisha magari na boti. Patana bei ukiwa kundi la watu watano au sita, na muulize mwenye gari waziwazi kama bei inajumuisha mafuta na kiingilio cha gari. Ukinyamaza, haijumuishi.

Vibali ni viwili

Hili ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko tope. Bwawa liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya kaskazini ya Selous na yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kuingia hifadhini unalipa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Lakini kiingilio cha TANAPA hakikupi ruhusa ya kukanyaga juu ya ukuta wala kuingia kwenye jengo la mitambo. Huko ni eneo la TANESCO, lina ulinzi, na mgeni anaingia kwa ruhusa iliyotolewa mapema. Watu wanafika getini na risiti ya hifadhi mkononi wakidhani wamemaliza.

Kwa TANESCO andika barua kama kikundi: shule, chuo, kanisa, msikiti, chama cha ushirika, yoyote yenye muhuri. Mtu mmojammoja ni vigumu. Taja lengo la ziara, tarehe na tarehe ya pili kama ya kwanza haitafaa, majina kamili na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za kila mmoja, aina na namba za magari, na simu ya kiongozi. Peleka mapema, mwezi au zaidi. Majina yasibadilike baada ya hapo. Mjomba aliyeamua kuja dakika ya mwisho atakaa getini na dereva.

Kwa TANAPA, malipo ni kwa kontrol namba, hakuna anayepokea noti langoni. Iombe na kuilipia ukiwa bado Kibiti au hata nyumbani, kwa sababu mtandao wa simu Mloka unakuja na kuondoka. Mtanzania analipa kwa shilingi na kwa kiwango chake, ila aonyeshe kitambulisho. Asiye nacho ajiandae kuhesabiwa kama mgeni. Kibali kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo kuingia saa tisa alasiri na kutoka saa tisa kesho yake ni akili zaidi kuliko kuingia asubuhi na kulala. Mwendo ndani ni kilomita 50 kwa saa, na magari hayatembei usiku.

Kwenye ukuta na mitambo vaa viatu vya kufunika vidole, suruali au gauni lisiloburuta, na acha kanga za kujitanda kwenye gari, maana karibu na mashine kitu chochote kinachoning'inia ni hatari. Kofia ngumu na refleta utapewa. Picha ni pale unapoambiwa piga. Droni usiitoe kabisa kwenye begi, hiyo ina kibali chake kutoka mamlaka ya usafiri wa anga na bado ulinzi unaweza kuikataa.

Juu ya maji na chini ya ukuta

Ziwa na mto ni vitu viwili tofauti kwa mwenye boti, na hatari zake ni tofauti.

Ziwani tatizo ni visiki na upepo. Pori lililokuwa hapo lilizama, na miti mingine imesimama chini ya maji, vichwa vyake vikiwa sentimita chache tu chini ya uso. Kima kinapobadilika, kisiki kilichokuwa na mita mbili za maji juu yake Juni kinakuwa cha kupasua boti Oktoba. Nahodha anayesema anaijua njia kwa sababu aliipita miezi minne iliyopita hajui anachosema. Upepo nao huamka kadiri siku inavyopata joto, na kwenye maji marefu ya makumi ya kilomita unapata nafasi ya kujenga mawimbi. Watu wa pwani wanaojua kusi ya Julai hawahitaji kuelezwa. Toka asubuhi, rudi kabla ya saa sita. Kila mmoja avae boya tangu anapopanda. Boya lililowekwa chini ya kiti halijawahi kumwokoa mtu.

Pengine utasikia harufu kama ya mayai yaliyooza karibu na mahali maji yanapotokea. Kwenye mabwawa mapya ya nchi za joto ni jambo la kawaida: mimea iliyozama inaoza kwenye maji ya chini yasiyo na hewa. Hupungua miaka inavyokwenda.

Mamba na viboko wapo pande zote za ukuta. Kunawa mikono ukingoni, kuchota maji kwa chupa, kumwacha mtoto atupe mawe, yote hayo usiyafanye. Na mbung'o: funga vioo, vaa rangi ya kaki au kijivu. Bluu na nyeusi zinawaita.

Chini ya ukuta hatari kubwa ni mto kupanda bila mvua. Mitambo ikiongezwa jioni, maji yanaongezeka mtoni saa chache baadaye, anga likiwa jeupe kabisa. Mchanga mzuri uliouona katikati ya mto saa nane, ukasema hapa tule chakula, saa kumi na mbili unaweza kuwa umefunikwa. Zamani mto ulipanda kwa msimu, sasa unapanda na kushuka kwa siku. Wavuvi wa Mloka wameshajifunza, mgeni bado.

Sehemu hii ya chini ndiyo nzuri zaidi kwa boti, na kwa maoni yangu inashinda ziwa lenyewe. Kuna maziwa madogo yaliyoungana na Rufiji: Nzerakera, Siwando, Manze, Tagalala. Tagalala kuna chemchemi za maji moto karibu. Maziwa haya yalizoea kujazwa na mafuriko ya mto kila mwaka, sasa yanategemea pia kiasi kinachoachiwa na bwawa. Hapo ndipo pa kuelewa kwa nini bwawa limezua mabishano. Maji yanayotoka kwenye mitambo yamebaki bila mchanga wake, mchanga umetua ziwani, na maji yasiyo na mchanga yanakula kingo na kitanda cha mto. Delta ya Rufiji yenye mikoko mingi kuliko popote Afrika Mashariki, pamoja na kamba wanaokuzwa na mikoko hiyo, vilijengwa na mchanga huo. Wakulima wa bondeni walikuwa wakipanda mpunga kwa kufuata maji yanapopanda na kushuka. Selous iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2014, mwanzo kwa sababu ya ujangili, na ujenzi wa bwawa ukaongeza hoja. Mwongozaji anayekwambia hakuna lililobadilika anakuficha nusu ya habari.

Anayesema bwawa ndilo lililoleta mafuriko naye anahitaji kusikiliza hesabu. Aprili 2024 vijiji vya Rufiji na Kibiti vilizama. Bonde hilo lilikuwa likizama kabla ya bwawa kuwepo, na ziwa likiwa na nafasi linapunguza kilele cha mafuriko. Likiwa karibu kujaa linapoteza uwezo huo. Chukua mfano: kwa eneo la kilomita za mraba 900, maji yakiingia zaidi ya yanayotoka kwa mita za ujazo 1,000 kila sekunde, kima kinapanda karibu sentimita 10 kwa siku. Siku kumi ni mita nzima. Kima kikifika mita 184 huna pa kuyaweka maji, milango lazima ifunguliwe. Cha kudai kwa waendeshaji ni kuacha nafasi mapema kabla ya Machi na kutoa taarifa kwa wakati. Kudai milango isifunguliwe ni kudai maji yapite juu ya ukuta.

Kuhusu kulala: Mloka kwa bajeti ndogo, kambi za ukingoni mwa mto kwa mwenye nacho, mahema ya TANAPA kwa wanaobeba vyakula vyao. Mkaa na unga nunua Kibiti.

Kurudi, usijaribu kuunganisha Mtemere na Mtwara kwa siku moja. Ni zaidi ya kilomita 500, na zile 110 za mwanzo peke yake zinakula saa tatu hadi nne na nguvu zote za dereva. Toka langoni saa 12 asubuhi, fika Kibiti kabla ya saa tano, kagua tairi, kaza nati za shokapu, rudisha upepo, kisha lala Nangurukuru au Kilwa Masoko kama dereva ni mmoja. Wakiwa wawili, Lindi mnaifikia kabla ya giza.